Madrid hawabahatishi, wanapokezana kijiti

Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2022 nilikuwa kibanda umiza kimoja kule Mbagala, marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, hii tunayoiita UEFA, Real Madrid na Manchester City. City walishashinda 4-3 kwao, halafu Mahrez akaongeza moja dakika ya 73 palepale Bernabéu, uwanja wa Madrid, kwa hiyo jumla 5-3 na muda unayoyoma. Dakika ya 87 Grealish akapiga, mpira ukampita kipa wa Madrid, Courtois, tukajua imeisha, Mendy akauondoa kwenye mstari. Saa sita kasoro usiku hiyo. Watu wakaanza kunyanyuka, mabenchi yanaburuzwa, nje bodaboda wameshawasha. Jamaa aliyekaa mbele yangu, Madrid wa damu, kavaa jezi ya Benzema iliyochakaa kola, akageuka akaniambia twende zetu kaka kesho kazini. Nikamwambia subiri filimbi.

Dakika ya 90 Rodrygo. Hatujamaliza kushangilia hiyo, Rodrygo tena kwa kichwa, hata dakika mbili hazikupita kati ya goli na goli. Yule jamaa alikuwa keshafika mlangoni, alirudi anakanyaga mabenchi na watu waliokaa na hakuna aliyemlaumu. Dakika ya 95 Benzema akafunga penati, 3-1, jumla 6-5, na ule usiku niliurudia kichwani mpaka alfajiri.

Asubuhi kijiweni stori ni moja, bahati. Kuna kaka mmoja pale, mtu wa Arsenal wa miaka mingi na namheshimu sana kwenye mambo ya mpira, akasema Madrid wana bahati ya mtende. Nikamwambia kaka, mwaka huu huu PSG walikuwa wanaongoza jumla 2-0 mpaka dakika ya 61, Benzema akawapiga tatu ndani ya dakika 17. Chelsea walikuja Bernabéu wakapiga tatu, dakika ya 79 wao ndo walikuwa nusu fainali, wakatolewa kwenye muda wa nyongeza. Sasa City. Timu tatu, mechi tatu, kitu kilekile. Ukiona mtu anaokota hela njia moja mara tatu mfululizo na wewe unapita hapohapo kila siku huokoti kitu, lazima ujiulize yeye anaangalia wapi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiliwaza hili swali na nataka niandike ninachoamini, maana nimechoka kusikia neno DNA. Kila mchambuzi redioni, Madrid wana DNA ya UEFA. DNA ni nini? Jezi nyeupe haifungi goli. Mi nitawaonyesha kwamba jezi ileile, uwanja uleule, walikuwa wanatolewa 16 bora kama mchezo.

Nianze na marefa kwanza ili tusije tukagombana. Kuna mechi Madrid wamebebwa na sitabisha. 2017 robo fainali na Bayern, Vidal alipewa kadi ya pili ambayo haikuwa halali na magoli ya Ronaldo kwenye muda wa nyongeza yalikuwa offside, mawili. Bayern walionewa. Na 2024 tena Bayern walilia, kibendera kilinyanyuliwa mapema na filimbi ikapigwa kabla De Ligt hajafunga, na mimi kama ningekuwa Mbayern ningelia pia. Ila UEFA wameanza kutumia VAR, yaani marefa wa video, kwenye hii michuano 2019 na Madrid wamechukua 2022 na 2024. Makombe 15, fainali 18, wamefungwa tatu tu, ya mwisho kufungwa ni 1981 na Liverpool. Tangu hapo fainali 9, wameshinda zote 9. Hapo refa hawezi kuwa jibu.

Pesa? Zinasaidia na hilo halina ubishi, hii ni klabu ya kwanza duniani kuingiza zaidi ya euro bilioni moja kwa msimu mmoja. Lakini PSG wana pesa, walisubiri mpaka 2025 kupata la kwanza. City wana pesa, la kwanza wamelipata 2023. Pesa inakupa kikosi, haikupi ile dakika ya 90.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Mi naamini siri ya Madrid ni kwamba wanaojua kushinda hili kombe hawaondoki wote kwa mpigo. Daima kuna mzee ndani anayejua njia, na kijana anaingia wakati mzee bado yupo, wanakaa chumba kimoja, wanafanya mazoezi pamoja, wanakula pamoja miaka mitatu minne, ndo mzee anaondoka. Kijiti hakijaanguka chini. Na kila kilipoanguka, Madrid wakawa timu ya kawaida kabisa.

Angalieni historia. Hili kombe lilianza 1955, wazo la gazeti la L'Équipe la Ufaransa, na Santiago Bernabéu, rais wa Madrid wakati huo, alikuwa mmoja wa waliolivalia njuga kuanzia vikao vya mwanzo kule Paris wakati Chelsea, mabingwa wa Uingereza, walizuiwa na ligi yao wasishiriki. Madrid wakachukua matano ya mwanzo mfululizo, 1956 mpaka 1960, la tano wakampiga Eintracht Frankfurt 7-3 pale Glasgow, Puskás manne Di Stéfano matatu. Baada ya hapo wakafungwa fainali mbili, Di Stéfano akaondoka 1964, watu wakasema wamekwisha. 1966 wakachukua la sita na kikosi cha Wahispania watupu, vijana, na nahodha wao alikuwa Paco Gento. Gento ndo mtu pekee aliyekuwepo kwenye yote sita. Alikuwa kijana wakati wa Di Stéfano, akawa mzee wa wale vijana. Mnaona?

Kisha Gento akamaliza na hakukuwa na mwingine. Miaka 32 bila kombe. Jezi ileile, uwanja uleule, DNA hiyohiyo. Miaka thelathini na mbili! Kuna watu walizaliwa, wakaoa, wakapata watoto, hawajawahi kuiona Madrid na UEFA.

1998 Amsterdam ndo wakarudi, goli la Mijatović, 1-0 na Juventus. Nahodha alikuwa Manolo Sanchís, na baba yake Sanchís alikuwemo kwenye kikosi kile cha 1966. Mi hii kitu nilipoijua nilikaa kimya kidogo. Baba anachukua la mwisho, mtoto ndo anakuja kunyanyua linalofuata. Na kwenye ile timu ya 1998 kuna kijana wa miaka 20 anaitwa Raúl. 2000 Raúl anafunga kwenye fainali, na golini yuko mtoto wa miaka 19, Casillas. 2002 Casillas ameshapoteza namba, yuko benchi, kipa anaumia kipindi cha pili, anaingia na kuokoa mipira ya mwisho mwisho ambayo hadi leo sielewi aliifikiaje. Hiyo fainali ndo ya kwanza mimi kuangalia, nilikuwa darasa la tano, kwa jirani yetu mwenye TV ya inchi 14, sebuleni tumejazana na wengine wako dirishani. Goli la Zidane, ule mpira ulioshuka kutoka juu kabisa akausubiri kwa mguu wa kushoto, nililiona kwa jicho moja maana kichwa cha kaka mmoja kilikuwa kimeziba nusu ya kioo.

Halafu mwaka mmoja tu baadaye wenyewe wakakata kamba. 2003 wamechukua ligi, kocha Del Bosque hakuongezewa mkataba, nahodha Hierro akaachwa, Makélélé akauzwa Chelsea, akaja Beckham. Mi simchukii Beckham, alijituma sana. Ila ukiondoa kocha, nahodha na yule kiungo anayewakabia wote, kiangazi kimoja, umebaki na Raúl na Casillas wanajaribu kubeba nyumba nzima mabegani. 2004 wakatolewa na Monaco, na aliyewafunga nyumbani na ugenini ni Morientes, mchezaji wao wenyewe waliyemtoa kwa mkopo. Mtu wa nyumbani kwako, aliyechukua makombe matatu na wewe, ndo anakuja kukutoa. Kuanzia hapo, 2005 hadi 2010, misimu sita mfululizo wakaishia 16 bora. Juventus, Arsenal, Bayern, Roma, Liverpool, Lyon. Hiyo ndo miaka niliyokuwa sekondari na niliyoteseka hasa, kila mwezi wa tatu naingia darasani nimeinamisha kichwa.

Kwa hiyo anayesema DNA aniambie hiyo DNA ilikuwa likizo?

Kilichorudisha mambo hakikuwa Ronaldo peke yake, ingawa bila Ronaldo tusingefika na sitaki mtu ajifanye amesahau. Ni kwamba safari hii walikaa pamoja. Ramos alikuja 2005 akiwa na miaka 19, Marcelo 2007, Benzema na Ronaldo 2009, Varane 2011, Modrić 2012, Carvajal akarudishwa 2013, Kroos 2014. Walioanza kule kwenye mateso ya 16 bora wakawa wazee wa hawa waliokuja mwisho. Lisbon 2014 wamefungwa na Atlético kwa kosa la Casillas, dakika zimeisha, ziko za nyongeza, Modrić anapiga kona, Ramos anaruka. Golini kwa Atlético alikuwa Courtois, huyohuyo ambaye miaka minane baadaye aliwanyima Liverpool magoli tisa pale Paris akiwa na Madrid. Casillas aliyekuwa amekosea akamkumbatia Ramos kama mtu aliyetolewa kaburini. Wakashinda 4-1. Baada ya hapo 2016, 2017, 2018 mfululizo na Zidane, mwenyewe mtu wa 2002, mtu wa ndani.

Na walivyoondoka sasa, hapo ndo patamu. Ronaldo 2018. Ramos na Varane 2021. Marcelo na Casemiro 2022. Benzema 2023. Kroos na Nacho 2024. Wanatoka mmoja mmoja, wawili wawili, kama wazee wa ukoo, na kila anapotoka mmoja kuna kijana ameshakaa naye muda wa kutosha. Vinícius alikuja 2018 miaka 18, watu walimcheka sana alivyokuwa anakosa magoli, mimi mwenyewe kuna siku nilizima simu. Hawakumuuza. 2022 ndo kafunga goli la fainali, 2024 kafunga tena fainali.

Kama unataka kuiona hii kitu kwa macho, tafuta tena goli la Rodrygo dhidi ya Chelsea 2022. Usiangalie mfungaji, angalia pasi. Modrić ana miaka 36, yuko upande wa kushoto, timu imefungwa tatu nyumbani, uwanja umenyamaza. Mwingine yeyote hapo angetuliza, angerudisha kwa beki. Yeye anaupiga kwa nje ya mguu wa kulia, mpira unapanda, unajikunja, unawapita mabeki wote wa Chelsea unashuka kwenye mguu wa mtoto wa miaka 21 ambaye ametoka benchi dakika chache tu zilizopita. Na mtoto hakuushika, hakuutuliza, alipiga hivyohivyo ulivyoshuka. Kwa sababu alijua utakuja. Huwezi kupiga mpira wa namna ile kama hujui utakuja, na atajuaje kama hajauona mguu ule kila siku mazoezini miaka mitatu? Mimi pasi ile nimeiangalia mara nyingi kuliko goli lolote.

Na ile mechi ya City, kuna kitu watu wengi hawakukiona maana kamera ilikuwa inakimbilia uwanjani. Pembeni ya Ancelotti walikuwa wamesimama wachezaji waliotolewa na waliokuwa benchi, Kroos, Modrić, Marcelo, wanajadili naye. Kroos alikuja kueleza baadaye kwamba kocha alikuwa anawauliza mawazo yao kuhusu nani aingie. Ancelotti! Mtu aliyeshachukua UEFA na Milan mara mbili kama kocha, anauliza wachezaji wake. Kocha wa namna hiyo ni wachache, wengi wangeona ni kushushwa heshima. Pale palikuwa na watu watatu wenye makombe manne manne ya hii michuano, ungekuwa wewe usingewauliza?

Halafu kuna hofu ya mpinzani, hii nayo inakula. Huku Afrika tunaijua vizuri, ukipangwa na Al Ahly hata kama kwenye karatasi mnalingana, mwenzako ana makombe 12 na wewe unaanza kuhesabu dakika tangu ya 70. Timu inaacha kucheza, inaanza kulinda. Bayern 2024 wanaongoza 1-0 Bernabéu, kocha wao Tuchel anaingiza beki, halafu anamtoa Kane, na dakika ya 88 Neuer, kipa aliyeokoa kila kitu usiku ule, anashindwa kudaka mpira ambao kwa siku ya kawaida angeudaka kwa mkono mmoja. Joselu. Dakika ya 91 Joselu tena. Huyu Joselu alikuwa kwa mkopo kutoka Espanyol, timu iliyokuwa imeshuka daraja, na miaka miwili kabla, fainali ya 2022, alikuwa Paris jukwaani na jezi ya Madrid kama shabiki mwingine yeyote. Mkewe na mke wa Carvajal ni mapacha. Anajua nyumba inavyoishi, hakuwa mgeni.

Na sasa Carvajal, hapa naomba mnivumilie. Mwaka 2004, huohuo wa maumivu, Madrid wanaanza kujenga kituo chao kipya cha mazoezi Valdebebas. Wakamchukua Di Stéfano, mzee wa makombe matano ya mwanzo, na mtoto mmoja wa timu za vijana mwenye miaka 12, wakaweka jiwe la msingi pamoja. Ipo picha, mzee na mtoto wameinama kwenye jiwe. Huyo mtoto ni Dani Carvajal.

Miaka 20 baadaye, Wembley, tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2024. Kipindi cha kwanza Dortmund waliwachezea Madrid walivyotaka, Adeyemi kampita mpaka Courtois akakosa, Füllkrug akagonga mwamba, na kwa haki Dortmund wangekuwa mbele kwa mawili. Madrid wanasubiri tu. Dakika ya 74 kona, anapiga Kroos, mechi yake ya mwisho kabisa kwenye klabu, mpira unakuja mlingoti wa kwanza, na anayeruka si Rüdiger wala Bellingham, ni Carvajal mwenye sentimita 173, mfupi kuliko karibu kila mtu kwenye lile boksi. Goli. Vinícius akamalizia la pili dakika ya 83. Kwa kombe lile Carvajal, Modrić, Kroos na Nacho wakamfikia Gento, sita sita. Rekodi iliyokaa tangu 1966 imefikiwa na wanne kwa pamoja usiku mmoja, na kati yao Nacho na Carvajal ni watoto waliolelewa humohumo.

Nililia siku ile. Mke wangu aliniuliza kuna msiba gani.

Ndo maana kilichotokea 2025 kiliniuma kwa namna tofauti. Arsenal walitupiga 3-0 kwao, Rice kafunga faulo mbili safi kabisa, na marudiano wakatufunga tena 2-1 Bernabéu. Yule kaka wa kijiweni alipiga simu, hakunitukana, aliniambia tu leo mmesubiri dakika ya 90 haikuja. Na ni kweli. Kroos hayupo. Nacho hayupo. Carvajal goti limeharibika tangu mwezi wa 10 uliotangulia, kulia kachezeshwa Valverde halafu Lucas Vázquez. Modrić ana miaka 39, marudiano anaanzia benchi. Nilikuwa nawatafuta wazee uwanjani siwaoni, naona tu vijana wenye vipaji vikubwa wanaangaliana.

Sasa hivi kila mtu anabishana kuhusu Mbappé na Vinícius nani akae kushoto. Mi wasiwasi wangu hauko hapo. Mi nataka kujua Arda Güler, kiungo wetu kijana, amekaa na Modrić kwa muda wa kutosha au bado. Misimu miwili tu. Labda inatosha, Casillas hakukaa na Hierro na Sanchís muda mrefu sana. Labda haitoshi.

Tarehe 24 mwezi wa 5 mwaka 2025 Modrić alicheza mara ya mwisho Bernabéu, na Real Sociedad, mechi ya ligi isiyo na maana yoyote kwenye msimamo. Alipotolewa dakika za mwisho, wachezaji wote wakapanga mistari miwili, wapinzani nao wakaingia kwenye mstari. Akapita katikati anapiga makofi, anafuta uso. Na pale pembeni mwa uwanja, amevaa nguo za kawaida, alikuwa amesimama Kroos anamsubiri. Wakakumbatiana muda mrefu, hakuna aliyemharakisha.